Mashine ya Mwalimu Bado Iko Wazi

Karakana, 3 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini kile kikohozi ulichokitaja mwezi wa kumi na mbili kimekwisha na unakula vizuri. Huku tuko salama. Mama magoti yanamsumbua asubuhi, lakini ukimwambia apumzike anakuuliza kama wewe ndiye uliyemzaa. Mpwa wako ameingia darasa la tatu. Jino la mbele limeng'oka, na ukimcheka anafunga mdomo siku nzima. Baba yupo. Kabla ya saa mbili ameshafungua karakana, ameshafagia na ameshapanga spana kwa ukubwa wake. Mvua zimekuwa nyingi, majani yanaota hovyo, na mashine za kukatia zimepanga foleni hadi nje ya mlango. Nyingi zimeletwa na ugonjwa ule ule wa kila mwaka: petroli iliyolala kwenye tanki tangu kiangazi.

Jambo lililonifanya niandike ni mashine ya Mwalimu.

Najua hupendi tuizungumze, lakini nivumilie. Jumamosi alikuja, na kama kawaida yake akaulizia pale mlangoni, "Mgonjwa wangu bado kalazwa?" Nikamjibu, "Bado yuko wodini, Mwalimu." Siku zote tukifika hapo anacheka, anarudi zake nyumbani na ile mashine tuliyomwazima. Safari hii hakucheka. Akasema, "Karani, mwezi wa tisa nahamia kwa binti yangu. Nataka niondoke na mashine yangu. Marehemu mume wangu ndiye aliyeninunulia." Mtu aliyetufundisha wote wawili kusoma ananiambia hivyo, nami nimeshika tambara la grisi.

Iko pale pale ulipoiacha, kwenye meza ya dirishani. Mwezi wa nne itatimiza miaka sita. Bolti zake ziko kwenye kopo la maziwa, na juu ya kifuniko bado pana mwandiko wako wa chaki. Sheria ya karakana unaijua: mashine hufungwa na aliyeifungua. Baba hajaivunja sheria hiyo hata mwaka ule alipovunjika mkono na wateja wakasubiri wiki saba. Mimi niliruhusiwa kuitunza tu. Kila tarehe moja natia kijiko kimoja cha mafuta kwenye silinda, nazungusha shafti kwa mkono mara tatu pistoni isigande, kisha naandika kwenye shajara. Juzi ilikuwa mara ya sabini.

Vipande vyote vipo isipokuwa kimoja. Ni ile kii, kile kipande kidogo kinachoshika gurudumu zito la injini lisiteleze kwenye shafti. Uliichonga mwenyewe asubuhi ile, siku ya mzozo. Tangu hapo haijaonekana. Nimepekua hadi chini ya mbao za sakafu.

Nakuuliza mambo mawili tu. Je, unajua ilipo? Na je, utakuja kuifunga?

Mdogo wako,
Karani


Chumba namba tisa, 11 Machi

Mdogo wangu Karani,

Marahaba. Nisamehe kwa kuchelewa. Barua yako ilikaa wiki mbili kwenye sanduku la ofisini kwa sababu mtu wa barua alikuwa likizo na hakuna mwingine aliyekuwa na ufunguo. Kikohozi kimekwisha. Mwambie Mama nakula. Mwambie mpwa wangu kwamba mjomba wake naye aliwahi kuwa na pengo kama mlango wa banda, na alikuwa akilitumia kupigia mluzi.

Kazi ni nyingi. Viwanja vya chuo hiki huwezi kuvizunguka kwa miguu ukarudi kabla ya chakula cha mchana. Tuna mashine arobaini na tatu. Msimamizi wetu tunamwita Bwana Nyasi. Anapita asubuhi na rula mfukoni, anachutama, anapima majani. Yakizidi vidole viwili anatutazama kama tumemtukania wazazi. Hapa nyasi zinakatwa hata zisipoota. Chumba changu kina dirisha moja, na kutoka hapo naona banda la mashine na nguzo ya taa. Si pabaya.

Kuhusu hiyo kii, sijui. Mambo ya miaka sita. Pengine ilifagiliwa na takataka. Nenda kwa Baba, mwombe achonge nyingine. Kwake ni kazi ya nusu saa. Sheria ni sheria, lakini Mwalimu hana kosa.

Kuhusu kuja, likizo hapa hazieleweki.

Na nikwambie jambo ambalo sikutaka kulisema. Mwezi uliopita nilipiga simu ya karakana mara mbili, Jumamosi mbili mfululizo. Baba mwenyewe alipokea. Nikasema, "Shikamoo Baba, ni mimi." Akasema, "Haloo." Nikarudia kwa sauti zaidi. Akasema, "Haloo, haloo," kisha akakata. Jumamosi ya pili hivyo hivyo. Nilibaki nimeshika simu kama mtu aliyeshika mpini bila jembe. Kwa hiyo usiniulize kama nitakuja, Karani. Muulize yeye kama anataka nije.

Kaka yako


Karakana, 2 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Barua yako imefika kwa siku tisa, haikuchelewa njiani. Mama ameisoma mara tatu akatafuta neno linalomhusu, akapata "nakula," akasema huyo anadanganya. Mpwa wako sasa anajaribu kupiga mluzi kwa pengo na ametulowesha mate wote.

Habari ya simu niachie. Nimeisoma na nimekaa nayo. Siwezi kukujibu sasa, kuna mtu nilimwahidi kunyamaza. Ninachoweza kukuomba ni kwamba usiihesabu hiyo simu. Ifanye kama haikupigwa.

Nilimwomba Baba achonge kii nyingine, kama ulivyosema. Alikuwa ananoa kisu. Hakuinua kichwa. Nilirudia nikiwa nimesimama mbele yake. Akasema, "Kipo kimeshachongwa." Nikamwambia hakionekani. Akasema, "Hakionekani kwako." Akaendelea kunoa.

Nikueleze ya hapa, maana wewe ni fundi utaelewa. Zamani, unakumbuka, Baba alikuwa anakaa kwenye kigoda ametupa mgongo, anatuachia tuwashe mashine, kisha anasema bila kugeuka: "Kabureta inavuja." "Kisu kimepinda." "Hiyo plagi ni ya nani, itoe." Sasa hakai tena kwenye kigoda. Anasimama, anaweka kiganja juu ya mashine ikiwa inaunguruma, anafumba macho. Wateja wanadhani ni ufundi mpya, yule mzee muuza maua amesema Baba anaziombea. Nami nacheka pamoja nao.

Wiki iliyopita mashine moja ilirudi. Bolti ya kisu ililegea baada ya siku mbili. Ingeweza kumkata mtu mguu. Baba ndiye aliyeifunga. Tangu nianze kuandika shajara ya karakana haijawahi kurudi mashine aliyofunga yeye, na aliyeileta alisema iligonga tangu alipoiwasha, mtoto angesikia. Baba aliikaza. Halafu akafunga karakana saa tisa alasiri. Mtu ambaye hakufunga mapema hata siku ya harusi yangu.

Jana nimeitia mafuta ile ya dirishani. Mara ya sabini na mbili. Gurudumu bado linazunguka kwa ulaini ule ule, utadhani uliiacha jana. Kaka, njoo.

Karani


Chumba namba tisa, 20 Mei

Mdogo wangu,

Nimeandika barua hii mara nne, nikachana tatu. Hii ya nne naituma jinsi ilivyo kabla sijaisoma tena. Habari za afya ni njema. Salamu za wote utazigawa mwenyewe.

La kwanza. Zile mashine arobaini na tatu nilizokutajia ni za betri, zote. Waliuza za petroli miaka mitatu iliyopita. Kazi yangu asubuhi ni kuzichomoa kwenye umeme, jioni kuzichomeka tena, na Ijumaa kunoa visu. Ikiharibika, tunaifunga kwenye boksi, inarudishwa ilikotoka, inakuja nyingine. Haifunguliwi na mtu. Hazilii, Karani. Unaikuta inakata majani nyuma yako na hujui imefika saa ngapi. Miaka mitatu sijasikia injini ikikohoa halafu ikashika. Kuna siku gari la takataka lilisimama chini ya dirisha langu, injini yake inakosa mpigo mmoja, nikateremka na kandambili kwenda kumwambia dereva plagi ya tatu imekufa. Akaniuliza wewe ni nani. Nikarudi chumbani.

Nyumbani mnasema nina kazi ya ufundi. Sikuwahi kusema uongo, ila niliwaacha mkasema.

La pili. Kii ninayo mimi.

Siku ile Mwalimu alikuwa amekaa pale mlangoni anasubiri, mashine yake iligonga jiwe na kii ya zamani ikakatika. Nilichonga hii kutoka kipande cha shaba, asubuhi nzima, kwa tupa ndogo. Unajua kwa nini hutengenezwa kwa madini laini: kisu kikigonga jiwe kitu cha kwanza kuvunjika kiwe hicho, shafti ipone. Baba akaja, akaitazama kiganjani mwangu bila kuigusa, akasema mbele ya Mwalimu, "Pana. Anza upya." Tu. Nilikuwa na miaka ishirini na saba na tayari nilikuwa na barua ya kazi ya huku mfukoni ambayo sikujua nimwambieje. Nikaifumbata nikatoka. Siku ya tatu ya safari natafuta tiketi, nikaikuta kwenye suruali.

Imekaa kwenye pete ya funguo zangu miaka sita, imeng'aa kwa kushikwashikwa. Sijui mpaka leo kama inaingia au ni pana kweli.

Nimeitia ndani ya bahasha hii, nimeifunga na karatasi ya sigara ya jirani. Funga wewe. Mwambie Baba aliyeifungua amekuruhusu. Mwalimu aondoke na mashine yake, mambo yaishe.

Mimi siwezi kusimama kwenye meza ile tena mbele yake. Mikono yangu imesahau.

Kaka yako


Karakana, 14 Juni

Kaka,

Shikamoo. Mama magoti ni yale yale. Mpwa wako jino limeanza kuchungulia. Nimemaliza salamu.

Bahasha ilipofika nilikuwa sokoni kutafuta kamba za kuwashia. Aliyeipokea ni Baba. Hafungui barua zangu, hilo unalijua, lakini aliipapasa, akahisi kilichomo. Nilimkuta amekaa kizingitini, bahasha ipo gotini, bado imefungwa. Akasema, "Fungua." Nikafungua. Akaichukua kii, akaiweka kwenye kiganja, akaipeleka dirishani penye mwanga. Akaitazama muda mrefu. Nikadhani ataijaribu, maana shafti ilikuwa pale pale, hatua mbili. Hakuijaribu. Akairudisha kwenye karatasi yake ya sigara, akaikunja kama ulivyoikunja, akanipa. Akasema:

"Hiki hakikuondoka kwa posta."

Nilimwambia, nikimwonyesha barua, kwamba umeniruhusu nifunge. Akasoma sehemu hiyo. Akaniambia, "Andika kwamba mimi sijamruhusu akuruhusu." Mama akapaza sauti kutoka uani, "Nyinyi watu wawili mtanizika na chuma chenu!" Baba hakugeuka. Hakumsikia.

Sasa nakwambia nililoahidi kunyamaza, na Baba anajua nakwambia. Nilimwandikia kwenye karatasi: namwambia kaka au simwambii? Akaitikia kwa kichwa.

Baba anapoteza masikio. Lilianza la kushoto, mwaka juzi. Sasa limekwisha kabisa. La kulia linasikia sauti nzito zikiwa karibu sana, sauti za watu hazimo. Daktari alisema mwezi wa kwanza ni ngurumo za miaka arobaini zilizomla taratibu, na kwamba lililobaki halifiki mwisho wa mwaka. Baba alinikataza kukuandikia. Alisema utakuja kwa huruma, na huruma haifungi injini.

Zile Jumamosi mbili, Kaka. Nimemuuliza. Anakumbuka. Alisema aliona taa ya simu inawaka, akapokea, kukawa kimya. Akasema, "Watu wanachezea simu siku hizi." Nilipomwandikia kwamba alikuwa ni wewe, aliisoma karatasi, akaikunja mara nne, akaitia kwenye mfuko wa shati. Ipo mpaka leo. Mama amelifua shati, karatasi akairudisha humo humo.

Umesema mikono yako imesahau. Labda. Lakini nimeangalia kii yako kabla ya kuifunga tena, kona zake zimenyooka. Sikuijaribu. Si yangu kuijaribu.

Nimeirudisha. Imo humu. Anataka kuisikia mashine ile ikiwaka, ikiwa imefungwa na wewe, na sikio lililobaki ni moja. Hakusema hivyo. Nasema mimi.

Karani


Chumba namba tisa, 9 Julai

Karani,

Nimepata bahasha leo saa nne asubuhi. Saa tano nilikuwa mbele ya Bwana Nyasi. Nimepewa siku kumi na mbili. Ameniuliza dharura gani, nikamwambia kuna mashine niliiacha wazi. Amenitazama na rula yake mkononi, akatia sahihi.

Nitafika tarehe 5 Septemba, Mungu akipenda. Weka petroli mpya, usiiweke kabla ya tarehe 4. Chujio la hewa lioshwe kwa sabuni likauke kivulini. Tupa ndogo, ile yenye mpini wa mbao uliopasuka, iwepo juu ya meza.

Mwambie Baba. Mwandikie kwa herufi kubwa.

Endelea na mafuta tarehe moja.

Kaka yako


Karakana, 1 Oktoba

Kaka yangu,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama na umekuta mashine zako zimeshiba umeme. Mama anakusalimu na anakulaumu, sababu utaiona chini. Mpwa wako jino limetoka lote, pengo limekwisha, na ule mluzi uliomfundisha umegoma kutoka. Anasema umemtapeli.

Mwalimu alihama tarehe 20. Mashine yake ilipanda gari kabla ya kitanda chake. Alimwambia dereva, "Taratibu na huyo, katoka hospitali juzi." Alituachia ile ya kuazima imeoshwa, na kwenye tanki petroli imemwagwa yote, kama tulivyomfundisha.

Nataka kuandika ile siku kama nilivyoiandika kwenye shajara, kwa sababu ulikuwa umeinama na hukuona kila kitu. Ni tarehe 7 Septemba, siku ya pili ya kuifunga. Ulipofika kwenye kii, iligoma. Ilikuwa pana. Nilimtazama Baba. Alikuwa ametupa mgongo kwenye kigoda chake, kwa mara ya kwanza mwaka huu. Ulichukua tupa, ukapitisha mara mbili, si tatu, ikaingia bila nyundo. Yeye hakuona kitu. Lakini uliposema kwa sauti ndogo, peke yako, "Kumbe ilikuwa pana," Mama aliyekuwa mlangoni alijifuta macho akasema ni moshi, na hakuna injini iliyokuwa imewashwa.

Ulivuta kamba mara tatu, kimya. Mara ya nne ikakohoa, ikashika. Wewe ulikuwa unatazama injini. Mimi nilikuwa natazama mgongo wa Baba. Mabega yalishuka, kama ya mtu aliyetua mzigo. Akainua kidole kimoja na kusema bila kugeuka, "Skrubu ya hewa. Robo." Ukageuza robo, na sauti ikanyooka.

Kigoda kile kimefungwa kwa bolti kwenye sakafu ya mbao, nayo meza pia. Sijui kama alisikia au alihisi kwa miguu. Sikumuuliza. Niliona na wewe hukuuliza. Kwenye shajara nimeandika: Baba kasikia.

Tangu wiki iliyopita la kulia limenyamaza nalo. Tunaandikiana. Anaandika kifupi kuliko alivyokuwa anasema, kama hilo linawezekana.

Sasa jambo la Mama. Ulipoondoka alfajiri ile tuliona una haraka, tukadhani ni basi. Nilipofungua karakana nikakuta kwenye meza ya dirishani mashine ya Baba mwenyewe, ile nyekundu ya kukatia majani ya uani, imefunguliwa. Gurudumu limetolewa, kabureta iko pembeni, bolti zipo kwenye kopo la maziwa, na chaki mpya kwenye kifuniko. Haikuwa na ugonjwa wowote, niliikatia majani mimi Jumapili iliyotangulia. Nilimleta Baba. Akahesabu vipande kwa kidole, kimoja kimoja. Akahesabu tena. Kimoja hakipo.

Akacheka, Kaka. Alicheka kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuisikia, ndiyo maana ilikuwa kubwa hivyo. Majirani walichungulia.

Majani ya uani sasa yanamfika Mama magotini. Amesema magoti yenyewe mabovu, na sasa ayatafute ndani ya msitu. Juzi alishika spana aifunge mwenyewe. Baba akamwonyesha kwa kidole ukutani, pale alipoiandika sheria kwa rangi wiki hii, maana sasa hawezi kubishana kwa mdomo.

Leo ni tarehe moja. Nimetia kijiko kimoja cha mafuta kwenye silinda, nimezungusha shafti mara tatu. Nimeandika: mara ya kwanza.

Mdogo wako,
Karani